Mkono Ulionivuta Mbele

Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, aliyekuwa pia imamu wetu kijijini karibu na Wesha, alipoanza kupapasa ukuta akiingia msikitini, kila mtu alijua kwamba karibu atatafutwa wa kushika nafasi yake. Nami nilijua nitaitwa mimi. Nilikuwa nimehitimu, na sauti ninayo. Lakini niliogopa. Imamu hubeba sala za wenzake shingoni, na mimi hata yangu peke yake niliiona nzito. Nilitaka kuchuma karafuu, nioe, nisimame safuni kama watu wengine, basi.

Msimu ulipoingia nikatoroka na sahibu yangu, tuliyesoma naye jamvi moja tangu utoto, tukaenda kambi ya karafuu upande wa kaskazini. Nikamwomba asimwambie mtu yeyote kwamba nimesoma.

"Hofu yako nini?" akasema. "Nabii Yunus alifichwa na samaki. Weye utafichwa na miye."

Akaniapia. Na kweli, siku za mwanzo alinificha. Kila jioni, tukimaliza kutenga karafuu na makonyo, vile vijiti vyake, watu walisukumana kuelekea kibla: "Tangulia weye." "La, tangulia mzee." Kwetu haendi mbele mtu mpaka asukumwe. Sahibu yangu akawa anatangulia yeye ili nisisukumwe mimi, nami nikisimama nyuma yake hasa. Niliona hapana pahala pa salama kuliko pale.

Jioni moja, katika sala ya Magharibi, alifika katikati ya Alhamdu akanyamaza. Kisha nikahisi mkono wake umenishika kifundo cha mkono, unanivuta.

Imamu akitokwa na udhu ndani ya sala hatangazi. Humvuta mbele aliye nyuma yake, naye hutoka kimya kimya. Anayevutwa hana la kusema, maana akisema amebatilisha sala yake. Nikasimama mbele ya watu, nikaendelea pale alipoachia. Baada ya Alhamdu nikasoma sura ile ile ambayo mwalimu wangu alikuwa akinirudisha mpaka niitamke atakavyo.

Nilipotoa salamu na kugeuka, nilimwona mwalimu wangu safu ya mwisho, kati ya wazee wawili wa kijijini. Walikuwa wameingia sala ikiwa imeshaanza.

"Alhamdulillahi," akasema. "Huyo ndiye. Mmemsikia?"

"Tumemsikia, Shehe."

Akavua kilemba chake, akapapasa kichwa changu, akanivika.

Nilitoka nje. Sahibu yangu alikuwa amechutama kando ya majamvi ya karafuu, anatafuna kijiti. Mtungi wa udhu ulikuwa umejaa, na kata yake i kavu.

"Udhu ulikutoka kweli?" nikamuuliza.

"Ee, imamu! Huanza kazi kwa kuwauliza watu mambo ya choo?"

Akacheka. Mimi sikuweza. Moyo uliniuma kama niliyeibiwa na mtu wa nyumbani mwangu. Lakini sikujua bado nusu yake. Njiani kurudi, nikiwa nimeshika hatamu ya punda aliyempanda, mwalimu aliniambia kwa upole, kama anayedhani ninajua:

"Usimchukie mwenzio. Nilimwita yeye kwanza ashike nafasi yangu, alipopita kijijini juzi. Akanililia nimsamehe, akasema yuko aliye bora kuliko yeye, na anapojificha anapajua."

Nikaivuta hatamu, tukaendelea na njia.

Namshukuru Mungu kwa umri alionipa ndani ya mihirabu ile ya msikiti wetu. Mja huitwa kwa mkono autakao Mola, hata ukiwa mkono wa aliyekuwa akikimbia. Nimewafundisha watu hivyo, nami naamini. Lakini sahibu yangu alirudi kijijini, akaoa, akapanda mikarafuu yake, na kila Ijumaa alikuja mapema. Wenzake wakimwambia, "Sogea, mzee, pana nafasi nyuma ya imamu," hujibu, "Hapa pananitosha," akabaki ukutani, mwisho wa safu. Nyuma yangu hakusimama hata siku moja.