Wajane Wawili wa Melkiori

Siku ile Haji Rajabu alipokuja kuniomba ruhusa, ilinipasa kukataa. Nilikubali, tena haraka, mbele ya watu. Haya nitakayokueleza sikuyasikia kwa mtu. Niliyaona kwa macho yangu haya, asubuhi, nikiwa sijanywa hata chai, sembuse pombe. Usiponiamini sitakulaumu, maana hata polisi hawakuniamini. Ila nisikilize mpaka mwisho.

Melkiori alikuwa mume wa dada yangu Speciose. Sote tulirudi Burundi kutoka ukimbizini Tanzania. Mimi kule nilisoma hadi sekondari. Yeye alifanya kazi miaka mingi kwenye shamba la farasi upande wa Arusha. Tuliporudi Rumonge, kazi ya farasi angeipata wapi? Huku watu wanajua mawese, mihogo na ndagala, wale dagaa wa ziwa letu. Farasi wengi wetu tulimwona kwenye picha tu.

Lakini Haji Rajabu, mfanyabiashara wa mawese, alikuwa mtu wa kupenda vitu ambavyo jirani hana. Akanunua farasi jike wa mbio kutoka Kenya, akamleta kwa lori. Melkiori alipopata habari aliacha jembe lake mtaroni, akaenda kusimama mlangoni kwa Haji mpaka akapewa kazi ya kumtunza.

Yule farasi alikuwa na jina la Kizungu ambalo hakuna aliyeliweza. Melkiori akampa jina la ng'ombe, Bihogo, kwa ajili ya rangi yake nyekundu iliyoiva. Akamtunza vile baba zetu walivyotunza ng'ombe. Kila alfajiri, kabla ya kumgusa, alisimama nje ya banda akamsifu kwa Kirundi: sifa za mwendo wake, za macho yake, na za mama yake ambaye Melkiori hakupata kumwona. Akimaliza, Bihogo alipiga kwato moja chini, kama mtu anayesema karibu. Hapo ndipo Melkiori aliingia. Kisha walishuka ziwani. Yeye alitangulia majini hadi kiunoni, akageuka, akamwita, na mnyama akamfuata. Wakaogelea pamoja mpaka jua lichomoze.

Wenye farasi walikuja kutoka Bujumbura siku za sikukuu, wakashindana kwenye mchanga wa ufuo wetu. Bihogo hakuwahi kuona mgongo wa farasi mwingine. Watu walitoka Minago na Muhuta kwa baiskeli na pikipiki kuja kumtazama tu. Wakimshangilia, Melkiori alikuwa haoni watu. Alikuwa amepiga magoti anampapasa miguu, mmoja mmoja, anamwuliza kama ameumia.

Dada yangu alizoea kututania sote kwa hilo. Mgeni akiuliza habari za nyumbani, alisema, "Sisi wazima. Mke mwenzangu ana mkia, na ndiye anayepewa sukari."

Basi Melkiori akafa. Malaria ilimpanda kichwani, akaondoka kabla hatujajua kwamba ni hatari. Tulimzika katika shati jeupe ambalo Speciose alilipiga pasi mwenyewe.

Tatizo likawa Bihogo. Alisimama akitazama mlango, hagusi majani. Mfanyakazi mmoja wa Haji alijaribu kuingia, akang'atwa bega. Ndipo Speciose alipovaa koti la kazi la marehemu, la kaki, bado lina jasho lake, akaenda kusimama nje ya banda. Akazisema zile sifa alivyozikumbuka, analia, anachanganya maneno. Bihogo akapiga kwato. Tangu siku hiyo hakumkubali mwingine.

"Tuko wajane wawili, kaka," aliniambia.

Sasa lazima ujue desturi yetu. Kwetu mtu akizikwa, matanga hayajaisha. Kuna siku ya mwisho, miezi baadaye, tunaiita kuganduka. Kabla ya siku hiyo nyumba ya marehemu imetulia: hakuna harusi, hakuna sherehe, na zamani hata dume la ng'ombe lilitengwa na majike. Baba yangu alitueleza sababu yake. Alisema marehemu anakuwa hajamaliza kuondoka. Ukitoa kitu chake nje na kukichezesha mbele za watu, anadhani anaitwa.

Mimi niliyasikia hayo utotoni na kuyaweka pamoja na hadithi za sungura. Nilikuwa nimesoma, si nimekwambia?

Kuganduka kulikuwa kumekaribia Haji alipokuja. Alikuja na wageni wake wa Bujumbura, akaketi kwenye kiti changu kizuri, akaongea kwa heshima, kwa sababu Haji ni mtu wa heshima hata leo.

"Mzee, pole tena. Mimi siko mutu wa kulazimisha. Hawa wenzangu wanaleta farasi zao juma hili, wanataka kushindana na Bihogo. Farasi ni wangu, lakini matanga ni yenu. Mukisema hapana, nangoja."

Mgeni mmoja mwenye miwani nyeusi akacheka. "Kumbe huku farasi naye anakaa matanga? Munamuvalisha nyeusi?"

Wote wakacheka. Na mimi nikacheka. Niamini, hakuna kitu kingine kilichonisukuma. Haji hakunipa wala hakuniahidi chochote. Niliona aibu kuonekana mtu wa porini mbele ya yule mwenye miwani. Nikasema mambo hayo yalikuwa ya wazee, farasi akimbie.

Haji akanitazama. "Na mama mujane? Yeye anakubali?"

"Ni dada yangu," nikajibu. "Mimi ndiye ninayemsemea."

Speciose hakupiga kelele nilipomweleza. Alikuwa anachambua mchele, akaendelea kuchambua. Alisema nimwambie Haji angoje wiki chache tu, mpaka kuganduka, kisha yeye mwenyewe atamtoa Bihogo na hata kumshangilia. Nikamwambia neno limeshatoka, nitatazamwaje nikilirudisha? Akasema basi yeye hatii mguu bandani siku hiyo. Nikamwambia hata asipokwenda, koti lipo.

Ndiyo, nililichukua. Lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango wake, nikalichukua huku ananitazama.

Asubuhi ya mbio nilitoka giza likiwa linaanza kufifia. Mpanda farasi mmoja wa Bujumbura, aliyeletwa kumkimbiza Bihogo, alitaka achovywe majini kwanza, alainishe miguu kama alivyozoea. Nikavaa koti. Lilinibana mabegani. Nikasimama nje ya banda nikajaribu zile sifa, sauti ya chini ili walinzi wa Haji wasinicheke. Bihogo hakupiga kwato. Alikuja polepole, akaingiza pua yake kwenye kola ya koti, akavuta pumzi ndefu, akabaki hivyo. Nikajisemea, umemdanganya mnyama. Nikamfunga kamba na kumtoa.

Unajua jinsi ziwa lilivyopanda miaka hii. Pale walipokuwa wakiogelea zamani pamemezwa, michikichi imesimama ndani ya maji na mingine imekufa. Kulikuwa na ukungu mwepesi. Mbali niliona taa za wavuvi wa ndagala wakirudi. Na karibu, katikati ya michikichi iliyokufa, alikuwepo mtu majini, maji yamemfika kiunoni, amenipa mgongo.

Nikadhani ni mtu anaoga. Nikakohoa ili ajue kuna mtu. Hakugeuka. Akaanza kusema kwa Kirundi, taratibu, na nywele zikanisimama kabla akili haijaelewa, kwa sababu zilikuwa sifa za Bihogo, zote, kwa mpangilio wake, bila kukosea hata neno.

Alipomaliza, Bihogo alipiga kwato moja kwenye mchanga.

Ungekimbia? Mimi niliiambia miguu yangu ikimbie, ikakataa. Yule mtu akageuka. Alikuwa Melkiori, si kwa kufanana. Alikuwa na uso wake wa kabla ya homa, uso wa mtu aliyelala vizuri. Shati ni lile jeupe, bado lina mkunjo wa pasi mkononi. Kitu kimoja tu hakikuwa sawa: aligeuka na maji hayakutikisika.

Akatazama nilichovaa.

"Hilo koti linakubana, muramu," akasema.

Muramu ndivyo tunavyomwita shemeji. Ndivyo alivyoniita siku zote, na kwa sauti ileile ya mzaha. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Kamba ikanitoka mkononi bila mimi kuiachia. Bihogo akaingia majini, anatembea kwa furaha, masikio mbele, akaenda kuweka paji lake kwenye kifua cha yule mtu. Melkiori akampapasa singa za shingo. Kisha akainua macho kwangu, mpole kabisa.

"Umeleta mumoja, asante. Mwingine iko wapi?"

Nilijua anamtaja nani. Nilijua, usifikiri sikujua. Nilitaka jambo moja tu, aondoke aniache nikiwa hai, nami nikasema neno la kwanza lililofika kinywani, vile unavyomjibu mtu anayebisha hodi.

"Yuko nyumbani. Anakuja."

"Murakoze," akanishukuru. Wakageuka wote wawili kuelekea kwenye kina. Niliona mgongo mwekundu, kisha kichwa, kisha ukungu. Sikusikia hata maji kuruka.

Mbio zilikufa siku hiyo. Watu walitafuta kwa mitumbwi, wakauliza kusini mpaka Nyanza-Lac. Hakuna mzoga uliotupwa ufuoni, na ziwa letu hurudisha vitu. Polisi walinishika, wakasema nimempakia kwenye boti la Kongo. Wengine walisema mamba, na mamba wapo, lakini mamba gani asiyemwaga hata tone la damu? Haji alikuja kunitoa kwa polisi mwenyewe. Njiani alisema Mungu ndiye ajuaye, na tangu hapo hajaniuliza tena. Afadhali angeniuliza.

Speciose nilimweleza habari ya Melkiori na farasi. Jibu langu nilimficha. Nikamhamishia Minago, kwenye nyumba yangu nyingine ya mlimani, mbali na maji, na usiku nikawa nafunga mlango kwa kufuli, ufunguo chini ya mto wangu. Aliniuliza kwa nini namfunga kama mbuzi. Nikasema wezi wamezidi.

Alikuwa mzima. Alipika, aligombana na mke wangu kuhusu chumvi. Ila kila alfajiri aliamka, akaketi kitandani, akasikiliza. Asubuhi moja aliniita.

"Kaka, kuna mutu anapiga kwato nje."

Nikatoka. Ua wangu ni udongo mwekundu mtupu, na usiku ule mvua haikunyesha. Kulikuwa na nyayo za farasi kutoka lango mpaka dirisha la dada yangu, zimelowa, na ndani ya kila unyayo kulikuwa na mchanga mweupe wa ziwani. Sikuona nyayo za kurudi. Nilichukua jembe nikazifukia kabla mtu hajaamka. Kesho yake zikawepo tena, mbele ya mlango. Nikazifukia.

Nilikwenda kwa padri, akaja kunyunyiza maji ya baraka. Nikatuma ujumbe kwa jamaa zetu wa mbali ili kuganduka kufanyike mapema. Wakakataa, wakasema siku imeshapangwa na wageni wameshaalikwa. Nikashuka ufuoni peke yangu, nikasimama pale kwenye michikichi, nikapiga ukelele kwamba nilikosea, Speciose haji, hakusema atakuja, nilimsemea. Maji yalikuwa maji tu. Wavuvi walinionea huruma.

Homa ilimpata Speciose juma la kuganduka. Hospitali walipima, wakasema ni malaria, wakampa dawa, na dawa zilikuwa nzuri, sina la kuwalaumu. Nilikaa kando ya kitanda chake nikamwambia kila kitu: jinsi Melkiori alivyouliza alipo, na jinsi nilivyojibu. 

"Kwa nini hukusema sijui?" akaniuliza.

 Nikamshika mkono.

Kabla ya mapambazuko alianza kusema sifa za Bihogo, polepole, na safari hii hakukosea neno. Alipofika mwisho aligeuza uso dirishani. Muuguzi aliyekuwa zamu alisimama mlangoni akauliza nani ameleta ng'ombe uani, mbona kuna kishindo. Nikamwambia asitazame. Nilipogeuka, mkono wa dada yangu ulikuwa umeshalegea ndani ya wangu.

Siku iliahirishwa, na miezi baadaye tuliwafanyia kuganduka pamoja, yeye na mumewe. Nyayo hazikurudi tena.

Mimi sasa nimezeeka. Sishuki ziwani, na samaki wananinunulia wajukuu. Alfajiri silali, nakaa kitandani nasikiliza, hakuna kinachokuja, na bado nasikiliza. Mtu akibisha hodi akaniuliza mke wangu yuko wapi, namwambia amwite mwenyewe. Watu wananiona mzee mkorofi. Waniite hivyo.

Nawe unayesoma, matanga ya watu yaache yaishe kwa siku yake, hata kama wenye miwani wanacheka. Na usimjibie mtu mzima ambaye hakukutuma, kwa aliye hai wala kwa aliyekufa. Nilimsemea dada yangu mara ya kwanza kwa sababu ya aibu, mara ya pili kwa sababu ya hofu. Hakuwa ameniomba kitu isipokuwa tungoje kidogo. Ilinigharimu Speciose, mtoto wa mama yangu, ndugu pekee aliyekuwa amenibakia.