Nilisema Nondo Yule Ni wa Kwetu, Mume Wangu Hakurudi

Ijumaa moja, mvua za vuli zikiwa ndiyo kwanza zimeanza, miaka ile wakimbizi walipokuwa wakishuka Kibirizi, ufukwe wa mitumbwi hapa Kigoma, karibu kila siku, nilimpoteza mume wangu. Hakuchukuliwa na ugonjwa, wala ziwa halikumla. Nilimpoteza kwa mdomo wangu mwenyewe. Nawaambia ninyi nisiowajua kwa sababu kanisani nimejaribu kulisema, nikashindwa.

Nitamwita Asukulu. Si jina lake.

Alivuka kutoka Kongo wakati wa vita. Wenzake walikimbia na magodoro na masufuria, yeye alikimbia na kopo la maziwa ya unga. Ndani, katika karatasi iliyokunjwa, mlikuwa na nondo mmoja, yule mdudu kama kipepeo anayezunguka taa usiku. Huko kwao milimani alikuwa akimkamatia wadudu padri mmoja mzee aliyependa kuwakusanya. Padri alifia huko huko. Risasi zilipolia, kopo ndilo lililokuwa mkononi mwa Asukulu.

Tulioana, tukakaa mtaa wa Buzebazeba. Mkimbizi alitakiwa kuishi kambini, kwa hiyo nilimficha. Nilimfundisha kunyamaza mbele za watu, maana akifungua kinywa tu, Kiswahili chake kilimtaja. Niliona namlinda. Niliona mimi ni mke mwema!

Ndipo akaja mjini mtaalamu wa wadudu, Mtanzania mwenzetu, mtu mpole, akitafuta kibarua wa kupanda naye misituni. Asukulu alifurahi kama mtoto. Akachukua kopo lake, nami nikamfuata.

Mtaalamu alifungua ile karatasi, akaiinamia. Nondo alikuwa na rangi ya jani kavu la mgomba, na kila bawa lilikuwa na mstari mweupe mwembamba kama uzi. Akamtazama kwa kioo cha kukuzia mpaka miguu ikaniuma.

"Huyu simjui," akasema. "Sidhani kama kuna mtu amewahi kumwandika vitabuni. Mmemtoa wapi?"

Asukulu akavuta pumzi aseme. Nikamwahi.

"Huku huku kwetu, mtaalamu. Msituni, milima ya juu."

Jamani! Niliogopa. Akitaja Kongo, nilijua kibarua kitakwenda na yeye atapelekwa kambini. Asukulu alinitazama mara moja tu, kisha akainamisha kichwa.

Wakaanza kupanda milimani. Kazi yenyewe ni kutundika shuka jeupe kati ya miti na kuweka taa ya karabai mbele yake, wadudu waje watue. Jirani yetu, aliyevua dagaa usiku kwa karabai, alimcheka: "Shemeji, karabai unapeleka mlimani? Huko dagaa siku hizi wanapanda miti?" Asukulu naye akacheka. Nondo wa kila aina walikuja. Yule hakuja. Angetoka wapi?

Mtaalamu hakukata tamaa. Akamweleza Asukulu kwamba mdudu mpya haandikwi umbo peke yake. Lazima iandikwe na kwao ni wapi, ili mtu mwingine akitaka kumwona aende pale pale amkute. Akasema, tukikosa wenzake nitamwandika huyu huyu, nondo wa milima ya Kigoma.

Jioni ile Asukulu hakula.

"Bibi," akaniambia. Kwao bibi ni mke. "Miye nimeiba kwao."

"Kwao nani?"

"Kwao na ule mdudu. Watamwandika fasi nyingine, mahali hajakaa hata siku moja. Watu watakuja kumtafuta huku, hawatamwona. Watasema amekwisha."

"Mdudu amekufa, Asukulu! Mfu ana kwao?"

Akaniangalia. "Miye nikifa, sitakuwa na kwetu?"

"Basi kamwambie ukweli wako, wakupakie gari la kambini!"

"Nikienda mikono mitupu ataniona mwongo mara mbili. Nitavuka nimtafutie wengine kwetu. Nikiwa nao mkononi, ndipo nitasema."

Mwanamke mwenye akili angemshika shati. Mimi nilisimama, nikamwambia: "Nenda! Nenda kwenu, tuone kama bado panakutaka!"

Ee Mungu wangu! Yatoke wapi maneno kama hayo?

Ijumaa ile aliazima karabai kwa jirani, akatoa shuka jeupe la kitanda chetu, akalikunja vizuri. Nilikuwa mlangoni nachambua maharage. Alisema anakwenda. Nikaendelea kuchambua. Hata safari njema sikumtakia.

Nilingoja. Kila mtumbwi uliotoka ng'ambo niliushukia Kibirizi na kutazama nyuso, mpaka wapagazi wakanizoea. Siku moja mama mmoja aliyetoka kuvuka akaniuliza, "Ni weye bibi ya Asukulu?" Nikajua kabla hajaendelea.

Alikuwa ameyasikia kwa watu walioshuka kutoka milimani. Asukulu alionekana msituni usiku, ametundika shuka jeupe na taa inawaka. Wenye bunduki wakasema anawaonyesha adui njia. Aliwaambia anatafuta wadudu.

"Vita ile, mama," akasema, "nani angeamini?"

Walimzika watu wasiomjua. Zaidi ya hapo yule mama hakujua, na siku hiyo hiyo alipelekwa kambini na wenzake.

Wenzangu mnaosoma, kama mnaishi na mtu aliyekimbia kwao, nawasihi msimsemee! Mtu hakutupa kwao kwa sababu amekimbia. Mwacheni aseme mwenyewe, hata kama mnaogopa. Hofu yangu haikumsaidia kitu.

Baada ya matanga nilimwendea mtaalamu. Alikuwa anafunga mizigo. Nikamweleza yote, tangu siku ile ya kwanza. Nilidhani atanifukuza. Akavuta kiti, akaniketisha, akatoa kalamu.

"Bado naweza kumwandika, mama. Nitamwandika wa kwao. Na jina nitampa la mumeo. Niambie tu ni mlima gani."

"Kongo," nikasema.

"Kongo ni kubwa. Mlima gani? Msitu gani? Hata kijiji cha karibu kitatosha."

Nikatafuta. Nilikumbuka alivyonisimulia ukungu wa kwao, na baridi inayowafanya watu waote moto mchana. Lakini jina! Kila alipoanza kupataja kwao, nilimziba mdomo kwa mkono: nyamaza, majirani watasikia.

"Sipajui," nikasema.

Akaniuliza tena, polepole, kama mtu anayemwuliza mgonjwa. Nikasema tena kwamba sipajui.

Akafunika kalamu yake.