Mama Alipouliza Watu Wanacheka Nini

Nimekuwa nikiigiza na kuongoza maigizo hapa Amu, yaani Lamu, tangu nilipotoka sekondari, na sasa nina miaka hamsini na minne. Watu wakiniuliza kazi yangu nawaambia mimi ni mwalimu wa maigizo, maana shule mbili za hapa huniita kuwafundisha watoto msimu wa mashindano ukifika. Jibu hilo huwatosha. Ukisema wewe ni mtu wa jukwaa, wanakuuliza tena, "Sawa, lakini unafanya kazi gani?" Nimechoka kulijibu hilo.

Zamani nilikuwa na kikundi cha watu saba. Tulifanya mazoezi kwenye ua wa nyumba moja huku mtaani Langoni, tukinyamaza kila adhana ilipolia na kila mwenye nyumba alipopita na punda wake. Tulicheza michezo ya malaria, ya maji safi, ya dawa za kulevya, yote ikiwa imeagizwa na watu wa miradi waliotaka ujumbe uwe umefika kabla mgeni rasmi hajaanza kutazama saa. Kisha kikundi kikaanza kumeguka. Mmoja aliandikwa polisi. Wawili walihamia Mombasa. Mwingine aliolewa, na mumewe hakupenda asimame mbele za watu.

Siku tuliyoalikwa kisiwani Kiwayu tulikuwa tumebaki watatu. Bahari ilichafuka, na mmoja wetu akatapika njia nzima hata tuliposhuka hakuweza kusimama. Mwenzake akakaa naye kumwangalia. Watu walikuwa wameshaketi mchangani nyuma ya shule, wanawake upande wao na wanaume upande wao, wakinitazama mimi. Nikacheza sehemu zote mwenyewe: mume, mke, daktari, jirani, hata mbuzi aliyekula dawa. Walicheka sana. Nikarudi Amu nikijua kwamba sitampigia mtu simu tena kumbembeleza aje mazoezini.

Nilidhani nimepumzika. Baadaye ndiyo nilielewa kwamba ukicheza peke yako hakuna wa kukudaka ukisahau neno, na mchezo ukiwa mbaya hakuna wa kugawana naye aibu.

Mchezo ulionijengea jina ulikuwa wa mama yangu. Nilipokuwa mdogo, baba alifanya kazi Uarabuni miaka minne mfululizo, na mama akatulea kwa pesa alizotuma baba na kwa kushona kofia za mkono. Mimi nilijifunga leso, nikaketi mkekani, nikawa yeye. Nilimwigiza akigombana na muuza samaki, akitutafuta kwa sauti vichochoroni, akimwomba jirani amsomee barua ya baba mara tatu. Lakini kipande ambacho watu walikingoja ni pale mama anapotia uzi kwenye sindano. Kwa dakika karibu tano sikusema neno. Nililamba uzi, nikausokota, nikafumba jicho hili, nikafumba lile, nikakosa tundu, nikaanza tena. Nilikuwa nimemwona hivyo kwa macho yangu. Kila nilipokwenda, hapo ndipo watu waliposhika mbavu.

Mama mwenyewe hakuwahi kuuona. Alikuwa amepita miaka themanini na macho yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Muuguzi alikuwa ameshamwambia hutolewa, lakini hakutaka kusikia habari ya kisu karibu na jicho lake. Basi mpwa wangu akamletea mchezo kwenye simu, kama mtu alivyokuwa ameurekodi, akamshikia sikioni mpaka ukaisha. Asubuhi iliyofuata nilipopita kumjulia hali, nilimkuta ananingoja.

"Ndoo, keti hapa," alisema. Nikaketi.

"Nimekusikia. Umeipata sauti yangu. Lakini kuna mahali huneni kitu, na watu wateka mno. Watekani?"

Kwa Kiamu chetu ndoo ni njoo, na kuteka ni kucheka. Aliuliza hivyo tu, watu wanacheka nini, kama mtu anayeuliza bei ya nazi.

"Hapo naigiza kwa mikono, Mama."

"Waigiza nini?"

Nilitamani aulize jingine. "Nakuigiza wewe ukitia uzi kwenye sindano."

Vidole vyake vilikuwa vikilisugua pindo la leso.

"Mato yangu yalikuwa yameanza kunitoka," akasema, akiyagusa macho yake. "Nikiinamia kofia nilijua mahali pa kuchoma, mkono ulikuwa umezoea. Tundu la sindano ndilo sikuliona kabisa."

"Hukutwambia."

"Ningemwambia nani? Nyinyi mlikuwa watoto. Babako angepata habari kwamba mkewe ashona kwa kupapasa, angeacha kazi arudi, na tulikuwa tukila kwa kazi ile. Au pengine asingerudi. Sikujua lipi."

Kisha akaniambia habari ambayo sikuwa nayo. Kulikuwa na binti wa jirani aliyepita kwetu kila asubuhi kabla ya kwenda chuoni kusoma Kurani. Alimtilia mama uzi kwenye sindano ishirini, moja baada ya nyingine, akazichoma kwenye mto. Mama akashona siku nzima kwa sindano hizo, na zilipokwisha akafunga kazi. Binti yule hakumwambia mtu, hata mama yake mzazi. Siku alipokuwa mgonjwa asije, ndiyo siku niliyomwona mama akihangaika na uzi nami nikacheka mlangoni.

"Yeye mbona hukumtia mchezoni?" aliniuliza. "Umenitia mimi peke yangu, kana kwamba sikuwa na mtu."

"Sikumjua, Mama. Yuko wapi sasa?"

"Alifariki katika uzazi, uzazi wake wa kwanza. Ni zamani."

Hakuniambia niache mchezo. Wala hakuniambia amenisamehe. Aliniomba nimpe maji, akanywa, akasema anataka kulala kidogo.

Miezi miwili nilikaa bila kuucheza. Wakati huo niliuandika upya, nikamtia yule binti, na ilinibidi nimbuni karibu wote, maana mama alikumbuka tu kwamba alikuwa na mikono baridi na hakupenda maneno mengi. Nikaupeleka kisiwa cha Pate kwanza, ambako mwalimu mkuu mmoja, mtu wa bara, alikuwa ameniomba niwatumbuize wazazi siku yao ya mkutano.

Nilitumia sindano za kweli na uzi wa kweli. Nyumbani niliweza, kwa sababu nilivaa miwani. Lakini binti wa miaka kumi na mbili havai miwani ya kusomea, kwa hiyo uwanjani niliivua. Nikachukua sindano ya kwanza, nikaleta uzi, nikakosa. Nikaleta tena. Jua la alasiri lilikuwa usoni mwangu na tundu sikuliona hata kivuli. Watu wakaanza kucheka, kwani wengi walikuwa wamesikia habari za mchezo wa zamani. Mimi sikuwa naigiza. Jasho lilinitoka, na maneno yaliyofuata yalitaka sindano iwe na uzi. Kicheko kikapungua, kikakatika.

Mwanamke mmoja aliyekaa mbele, mtu mzima kunishinda, akainuka na buibui lake. Akanichukulia sindano mkononi, akatia uzi mara moja, akanirudishia, akakaa. Hakunitazama. Nikaichoma kwenye mto na kuendelea na mchezo. Sindano zilizobaki nilizitia uzi wa hewani, kwa kuigiza tu, na hakuna aliyecheka tena mpaka mwisho.

Baadaye mwalimu mkuu alinipa chai na mahamri ofisini kwake. Alikuwa mtu mpole.

"Mwalimu, umecheza vizuri," alisema, "lakini wazazi walikuja kufurahi. Ule wa zamani huna tena?"

"Ninao, ila siuchezi."

"Basi utafikiria," akasema, akanimiminia chai nyingine.

Hakuniita tena, na wengine kadhaa pia waliacha kuniita habari zilipoenea kwamba siku hizi nawahuzunisha watu. Sasa nacheza mchezo ule mpya mara mbili tatu kwa mwaka, mahali pasipo na mgeni rasmi. Siku nyingine zote nawafundisha watoto wa shule kusema mistari kwa sauti, na wao husema haraka haraka ili waende kucheza mpira.

Mwaka jana madaktari wa macho walikuja hapa kisiwani, na dada yangu akambembeleza mama mpaka akakubali kupasuliwa jicho moja. Siku ya kufunguliwa bandeji nilikuwa nimekaa mbele yake. Alipepesa macho, akamtafuta dada yangu, akamwona. Kisha akanigeukia mimi, akanitazama kwa muda mrefu, nywele, mashavu, mikono.

"Kumbe umezeeka," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Na hiyo kazi yako haikuchoshi?"

"Yanichosha."

Akasogea kidogo kitandani, akanionyesha nafasi ubavuni mwake, nami nikaenda kuketi.