Tulirudisha mahari ya Florent

Mwaka huu nilirudisha mahari ya mutoto wangu.

Mutoto mwenyewe ni mwanaume. Murefu, anainama kwenye kila mulango.

Na waliomuposa hawakuwa familia ya binti. Ilikuwa timu ya basket ya Amerika.

Mwenye kucheka acheke kwanza. Hata kwenye kikundi chetu cha maombi walicheka, mpaka maman mumoja akapaliwa na chai. Ukimaliza, nitakueleza.

Bon.

Mimi wananiita Maman Florent. Nakaa Saint-Josse, hapa Bruxelles, napika kwenye cantine ya shule. Bwana yangu alitangulia kwa Mungu tukiwa bado Lubumbashi, Florent hajaota meno yote. Nilikuja naye huku mugongoni.

Akakua kama mahindi yaliyopata mvua mapema. Kila rentrée, shule zikifunguliwa, nilikuwa naongeza kipande cha kitambaa chini ya suruali zake. Akapenda basket. Na mimi nikapenda basket, kwa sababu uwanja ulikuwa nyuma ya parokia: nikichungulia, namuona.

Kule Amerika, kila mwezi wa sita, timu kubwa zinakaa kuchagua vijana. Wanaita draft. Ni kama watoto wanavyogawana kabla ya mechi: huyu wangu, huyu wako, zamu kwa zamu. Timu ikishakuchagua, kule wewe ni wao. Timu ingine haikugusi, hata kama hao waliokuchagua hawajakuchukua.

Florent alichaguliwa. Mwisho mwisho, numéro cinquante-sept, wa hamsini na saba, wakati watu ndani ya salle, ule ukumbi wa draft, wameshaanza kuvaa makoti. Lakini alichaguliwa.

Timu ile, jina sitalitaja, sina kesi na mtu, ikatuma kofia na jezi yenye jina la bwana yangu mugongoni. Ikasema: baki kwanza Ulaya, komaa, tutakuita.

Abbé, padri wetu, akabariki kofia mbele ya altare. Nilipika bukari, ule ugali wetu, watu wa Katanga na watu wa Kivu wakala sahani moja. Hilo peke yake lilikuwa muujiza.

Halafu tukangoja.

Florent alijua historia ya ile timu vile mimi najua rozari. Alinielezea mara nyingi, mpaka na mimi nikashika. Wale watu wana tabia yao. Wakifika mwisho wa zamu, na wote wazuri wamekwisha, wanachagua murefu mumoja wa mbali na kumuacha hukohuko kwao.

Kabla yake walichagua kijana wa Lituania. Sasa anauza magari.

Wakachagua wa Senegal. Goti likamumaliza.

Wakachagua Mugiriki, akangoja mpaka mvi.

Halafu kulikuwa Muslovenia. Huyo walimuita, akavuka, akacheza kule miaka mingi, akajenga.

Huyo Muslovenia ndiye aliyetutesa. Kama asingevuka, labda tungeelewa mapema. Kwa sababu yake yeye mumoja, wengine wote waliendelea kungoja.

Kila mwezi wa sita Florent aliangalia wachaguliwa wapya, mikono katikati ya magoti. Mimi niliweka majina yao kwenye maombi yangu. Ni watoto wa watu, nao wana mama.

Miaka saba ikapita hivyo.

Goti lake la kushoto likaanza kutangaza mvua. Akashuka club ndogo, halafu ndogo zaidi. Commune, serikali ya mutaa, ikamupa kazi ya kudumu, kufundisha watoto basket kwenye salle ya mutaa. Walitaka jibu kabla ya Pasaka.

Kila nikimuuliza, ni lile lile: "Maman, nikisaini leo, na kesho waite?"

Sasa kulikuwa na Mwadi.

Mwadi anatunza wazee kwenye nyumba moja ya Uccle. Si muntu wa maneno mengi, lakini lake likitoka, limetoka. Walipendana zamani. Tukaenda kubisha hodi kwa baba yake, Papa Mukendi, aliyekuwa dereva wa ambassade, ubalozini, muntu anayevaa suti hata ndani ya nyumba yake.

Alitupokea vizuri, akatusikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka glasi chini.

"Maman Florent, miye nakuheshimu. Lakini ule mutoto iko na benyewe."

"Benyewe nani, Papa?"

"Bale ba Amerika. Balimutia alama. Balituma kofia ao hawakutuma?"

"Balituma."

"Alors. Binti akishatiwa alama na familia moya, ingine inaweza kumuoa mbele ya bitu kurudishwa? Murudishe kwanza. Kisha mukuye tuongee."

Florent akasimama kwa hasira, kichwa kikagonga taa. Akasema kwa Kifaransa kwamba yeye si binti. Papa Mukendi akamuambia akae, taa haijamukosea kitu.

Mimi sikucheka, wala sikukasirika. Bwana yangu alipokufa, mudogo wake alikuja kusema mimi ni wa familia, nilitolewa mahari, nitabaki kwake. Baba yangu hakugombana naye. Alirudisha mbuzi na vitambaa mbele ya mashahidi, na jioni ile nilikuwa huru. Kilichofungwa kwa desturi kinafunguliwa kwa desturi. Ndivyo nilivyolelewa.

Kocha wa Florent akatuambia kwamba monsieur anayetafutia ile timu vijana wa Ulaya atapita Bruxelles kuangalia kijana mumoja. Monsieur Jérôme. Tukaomba kumuona. Akatuita kwenye café karibu na metro Schuman, penye ofisi za Umoja wa Ulaya, saa ya watu kutoka kazini.

Nilifunga kofia na jezi ndani ya kitenge kipya. Na kwa sababu mama hajisemei kwenye mambo ya dot, yaani mahari, nikamuchukua Tonton Tshibangu, binamu ya marehemu, awe musemaji. Tonton kwenye mikutano hashikiki.

Alianzia kwenye uumbaji. Akapita kwa mababu, akavuka muto, akafika kwenye kofia. Yote kwa Kifaransa cha heshima.

Monsieur Jérôme alikuwa muzee wa mvi, macho ya muntu anayelala kwenye ndege. Kahawa yake ikapoa. Nilimuchunguza sana: hakucheka hata kwa pembe ya mudomo.

"Nimechagua vijana wengi," akasema. "Hakuna mama aliyewahi kunirudishia kitu."

Halafu akanigeukia mimi.

"Lakini Madame, hamukufika pahali penyewe. Huyu si wetu tena."

Florent akavuta kiti chake karibu.

Akaeleza polepole. Timu yao ilibadilishana wachezaji na timu ingine. Sheria ya kule inataka kila upande utoe kitu, hata kidogo, mapatano yasimame. Wao hawakuwa na kitu cha kutoa. Wakatoa jina la Florent. Baadaye ile timu ya pili nayo ilikwama vile vile, ikamupitisha kwa ya tatu.

Tonton akaanza kunitafsiria, akidhani sikuelewa. Nilikuwa nimeelewa. Ukinunua unga sokoni, muuzaji akishapima, anakuongezea kiganja kimoja juu. Kwetu tunaita matabishi.

Mutoto wangu alikuwa matabishi.

Florent akauliza swali moja tu.

"Mulinitoa, mukapata nani?"

Monsieur Jérôme akaangalia meza. Akaangalia dirisha. Niliona anatafuta kweli, anatafuta kwa roho yote.

"Unisamehe," akasema. "Sikumbuki."

Hilo ndilo lilimuchoma mutoto. Kutolewa, sawa. Lakini aliyekutoa hata hakumbuki alipokea nini?

Kisha monsieur akasema jambo ambalo hakuna aliyetuambia miaka yote ile. Ile haki ya timu juu yake ni ya kule kwao tu, ya kucheza kule. Huku, Florent hakuwahi kufungwa hata siku moja. Kazi, ndoa, hakuna aliyemukataza.

Mimi nilitaka kwenda nyumbani. Tonton akakataa, akamugeukia monsieur.

"Non. Weye njo ulikuya kubisha hodi, weye utapokea."

Na yule muzee, Mungu amubariki, akasimama. Akapokea kitenge kwa mikono miwili, vile alivyoonyeshwa. Akauliza aseme nini. Tonton akamufundisha, naye akasema: "Tumemuachilia."

Watu wa meza za pembeni, na kadi zao shingoni, walikuwa wanatuangalia. Nadhani walifikiri ni mapatano ya nchi mbili.

Kwenye metro Florent alishika chuma cha juu, akafunga macho.

"Maman, nimechoka."

"Najua."

"Si kucheza. Kungoja."

Nikamushika mukono wa koti. Na mimi nilikuwa nimechoka mpaka kwenye mifupa.

Dimanche, baada ya misa, tukarudi kwa Papa Mukendi. Tonton akasimulia yote, safari hii kwa ufupi.

Papa Mukendi akajongea mbele kwenye kiti. "Na hawakubembeleza?"

"Hawakubembeleza," Tonton akasema.

"Hata kidogo?"

"Papa, balipokea na mikono mbili."

Uso ukamushuka. Hapo ndipo nilipoona.

Kwetu kuna familia zinarudisha mahari bila nia ya kuvunja. Zinataka kumuamusha muposaji. Anayemutaka binti kweli atakuja mbio, atapiga magoti, atamaliza yote aliyochelewesha. Papa Mukendi hakutaka Florent aachiliwe. Alitutuma tukaamushe Amerika. Alikuwa anataka mukwe wa kwenye televisheni.

Akakohoa. Akasema, bon, kama sasa kuna timu ya tatu, ni vizuri kuitafuta na hiyo, desturi haifanywi nusu.

"Tungoje kidogo," akasema. "Tuone."

Tungoje.

Lile neno tulikuwa tumelila miaka saba. Nikamugeukia Tonton aseme. Tonton Tshibangu, Tonton mwenyewe, alikuwa anaangalia viatu vyake.

Mwadi alikuwa anagawa beignets, maandazi yetu. Akaweka sahani mezani.

"Papa, uniulize."

"Nikuulize nini?"

"Ile baba anauliza mutoto wake mbele ya bakwe."

Nieleze hapa. Kwetu baba hagusi kitu cha dot kabla ya kumuuliza binti, mara tatu: nipokee? Binti asipoitika, wageni wanabeba vyao. Lakini binti anangoja aulizwe. Sijawahi kuona aliyeomba mwenyewe.

Mama yake akaacha kutafuna. Shangazi wawili wakageuza viti.

Papa Mukendi aliangalia huku, akaangalia kule. Hakukuwa na mulango.

"Mwadi," akasema chini chini, "nipokee?"

"Pokea."

"Mwadi, ni..."

"Pokea, Papa. Na ya tatu, pokea. Bengine balimuchagua, bakamuacha. Miye nilikuya kumuchukua."

Florent akafunika uso kwa ile mikono yake mikubwa. Nikaangalia picha ya ukutani. Mama anajua wakati wa kuangalia pembeni.

Florent alisaini kazi ya commune kabla ya Pasaka. Ndoa ikawa mwezi wa sita, si kwa kupenda, ni kwamba salle ilipatikana siku zile tu.

Sasa sikia.

Juma lile la ndoa tulikuwa jikoni, sufuria mpaka chini ya meza, Florent anamenya vitunguu. Telefone yake ikalia. Rafiki wa club. Anasema jina la Florent limewekwa tena kwenye mabadilishano ya kule. Timu ya nne.

Yaani Schuman walimuachilia kwa mikono miwili, lakini Amerika habari haijafika. Jina lingali linatembea, toka mukono mpaka mukono, jina la kijana wa miguu ya haraka. Na mwenyewe yuko Saint-Josse na goti bovu, machozi ya vitunguu yanamutoka.

Nikamuuliza kama inamuuma. Akamaliza kwanza kitunguu cha mukononi.

"Wanabeba jina, Maman. Mimi niko hapa." Akapangusa kisu. "Bado vingi?"

"Gunia nusu."

Akaendelea kumenya.

Wewe unayesoma hii, labda na wewe kuna aliyekuchagua. Kazi, muchumba, nchi, ofisi ya makaratasi. Akakuambia: baki kwanza, tutakuita. Usimuchukie, labda hata yeye alisema kweli siku ile. Lakini usimuwekee miaka yako kama sahani ya mugeni, inapoa wewe unaangalia mulango.

Mungu akimutaka muntu, anamuita. Asipoitika, anamuita tena.

Anayekutaka hachoki kuita. Ukiona unangoja sana, mutoto wangu, kula.