Mteja Aliyekataa Kuingia

Jumatatu iliyopita, saa nne asubuhi, duka letu la kompyuta hapa Mbulu mjini lilipata mteja, naye akakataa kuingia. Alikuwa mama mzee kutoka Tumati. Aliweka kompyuta yake ndogo chini, nje ya mlango, akarudi nyuma.

"Shikamoo mama. Karibu ndani," nikamwambia. Mimi ndiye fundi.

"Marahaba. Nina msiba, nimemzika mwanangu. Kwa mila yetu nikiingia nitawaletea mkosi. Wateja watakimbia."

Bosi wangu akatazama rafu zenye vumbi. "Mama, hao walishakimbia zamani."

Hakucheka. Alisema kompyuta ilikuwa ya mwanawe huyo, haiwaki, na ndimo ilimokuwa picha pekee ya marehemu. Aliitaka kwa ajili ya ibada ya kumkumbuka Jumapili.

Nikavuta waya wa umeme hadi barazani, nikaketi chini, nikaifungua. Nilisugua uchafu kwenye kipande cha memori kwa kifutio cha penseli, nikakirudisha. Ikawaka. Kijana akatokea kwenye skrini, anacheka, amekumbatia ndama.

"Wewe huogopi kugusa vitu vyangu?" mama akauliza.

"Mama, hata mimi nimemzika mke wangu juzijuzi."

Akaninyooshea mkono. "Basi sisi tunaweza kushikana mikono."

Kanisani tunafundishwa tusiogope mikosi. Lakini tangu mazishi, wengi wananipa pole kutoka ng'ambo ya barabara, na hao hawafuati mila yoyote.

Ee Bwana, kijana yule na mke wangu wako mlangoni pako. Wakaribishe ndani.