Kipimajoto Nilichokifuta Jina

Mwanangu, iko siku moja ambayo nikiikumbuka hata chai hunikwama kooni, na wewe unajua kwamba mimi na chai hatujawahi kugombana. Ilikuwa Ijumaa asubuhi, hapa hapa mtaani kwetu Niboye, nami nilikuwa bado kijana, mwenye nywele nyingi na akili ya kuazima.

Watu wa nyumbani hunicheka kwamba nimezeeka nikiwa nimekaa. Ni kweli, sibishi. Tuliporudi kutoka Bujumbura nikiwa na cheti cha sekondari na Kiswahili changu cha mtaa wa Buyenzi, nilitafuta kazi ambayo mtu anaweza kuifanya bila kuvaa viatu, nikaipata: kutengeneza kompyuta za majirani sebuleni. Wenzangu walipanda ngazi za maghorofa mjini, mimi nikapanda kitandani mapema. Usicheke sana. Kuku naye ni ndege.

Mteja wangu niliyempenda kuliko wote alikuwa Mama Spesiyoza, muuguzi mstaafu aliyefungua farumasi ndogo hatua mia moja kutoka mlangoni kwetu. Nilimpenda kwa ajili ya hizo hatua mia moja. Humo ndani alikuwa na friji ya dawa, na kwenye friji hiyo aliwawekea insulini wagonjwa wa kisukari wasio na friji nyumbani. Juu ya friji kulikuwa na kisanduku kidogo cha plastiki chenye taa moja ya kijani. Kutoka kwenye kisanduku waya mwembamba uliingia ndani ya friji kupima joto, na waya mwingine ulikwenda kwenye kompyuta. Friji ikipata joto au ikizidi kuwa baridi, kompyuta ililia kama mtoto aliyenyang'anywa andazi. Kilifungwa na mtu mwingine, kabla yangu. Mimi nilikiona kila siku na sikuwahi kukiuliza jina.

Kompyuta yenyewe ilikuwa na mfumo wa kizamani, uliochoka hasa. Ukiiwasha, unaweza kusali rozari nzima ukaikuta bado inajinyoosha. Basi Jumatatu ya wiki ile nikauondoa mfumo ule nikaweka mpya. Kazi ilikwenda vizuri mpaka nilipoiwasha. Mistari mitatu ya rangi nyekundu ikajitokeza kwenye skrini, na mashine ikakataa kusonga mbele mpaka mtu aibonyeze. Kifaa hakionekani, kisomeo cha disketi. Kifaa hakionekani, printa. Kifaa hakionekani, halafu jina refu la herufi na tarakimu, kama namba ya gari la nchi usiyoijua.

Kisomeo cha disketi nilikuwa nimekitoa mwenyewe mwaka uliotangulia. Printa ilikwishachukuliwa na shemeji yake Mama Spesiyoza. Mashine ilikuwa na orodha yake ya zamani, ambayo mfumo mpya uliirithi, na kila ikiamka ilisoma majina, na asiyeitika ikamlilia.

"Weye fundi, hii inasema nini?" Mama akauliza.

"Inaota, Mama. Inawaita marehemu."

"Hata huyo wa tatu?"

"Wawili wamekufa, wa tatu ataishi peke yake?"

Akacheka, nami nikacheka. Nikafungua orodha nikafuta mistari yote mitatu. Nikaiwasha tena, ikaamka kimya, safi kama altare ya Pasaka. Mama akanishukuru kwa sahani ya ndizi na maharage, nikarudi nyumbani nikijiona bingwa. Waliosema kimya kingi kina mshindo mkuu hawakuwa wakinizungumzia mimi, lakini wangeweza.

Sasa rudi nami kwenye ile Ijumaa. Nilikuwa kwenye kiti changu, miguu juu ya kigoda, Mama Spesiyoza akaingia bila kubisha hodi. Yule mama hakuwahi kuingia kwetu bila hodi. Mkononi alikuwa na chupa ndogo ya insulini aliyoifunga kwa kitambaa. Aliifunua mbele ya macho yangu. Ndani mlikuwa na barafu.

"Friji imegandisha dawa zote," akasema. "Kwa nini kompyuta haikulia?"

Mwanangu, nilijua jibu kabla hajamaliza swali. Jasho lilinitoka mahali ambapo sikujua kwamba mtu hutoka jasho.

Ngoja nikueleze ubaya wa jambo hili, maana hata mimi sikuujua mpaka asubuhi ile. Insulini ikishaganda imekufa. Ukiiacha iyeyuke, huwezi kuitofautisha na nzima kwa macho, lakini ukimdunga mgonjwa ni sawa na kumdunga maji. Chupa zilizokuwamo ndani ya friji zingetupwa, hasara, basi. Shida ilikuwa zile zilizokwisha kutoka. Wiki ile watu wawili walikuwa wamechukua dawa. Mzee Gaspari alichukua Jumanne jioni. Huyu alikuwa amehamia Kagugu, lakini hakuwa akimwamini muuguzi mwingine. Na Alhamisi asubuhi alikuja Papa Keza, mwashi wa Rebero, kumchukulia binti yake wa miaka tisa, akapewa chupa ikiwa bado ndani ya boksi lake, hakuna aliyeifungua kuitazama. Kagugu ni kaskazini na Rebero ni kusini, mji mzima umelala katikati. Mama alikuwa amewapigia wote wawili. Simu ya mzee iliita bila kupokelewa, ya mwashi ilikuwa imezimwa. Chupa nzima ilibaki moja tu, aliyokuwa ameitunza kwenye friji ya nyumbani kwake.

"Nimpelekee nani?" akaniuliza. "Sijui friji iliganda lini. Ikiwa ni Jumatatu, wote wawili wana maji. Ikiwa ni jana mchana, hakuna mwenye maji."

Nikamwambia kile kisanduku huwa kinaweka kumbukumbu chenyewe, hata kompyuta isipokisikiliza.

"Basi kiulize!"

Hatua zile mia moja nilizikimbia bila viatu. Nikakaa mbele ya kompyuta. Nilitaka kulirudisha lile jina kwenye orodha, lakini jina lenyewe nililifuta bila kuliandika popote. Ningeliokota wapi? Mama alikuwa nyuma yangu, simu sikioni, akipiga Kagugu, akipiga Rebero, akipiga Kagugu. Hakunigombeza. Ningefurahi kama angenigombeza.

Ndipo nikainua macho juu ya friji. Taa ya kijani ilikuwa inapepesa. Siku zote nne hizo ilikuwa inapepesa. Marehemu wangu alikuwa ananikonyeza! Nikakishusha kile kisanduku nikakigeuza, na chini yake palikuwa na karatasi imebandikwa: lile jina refu, herufi kwa herufi. Kumbe lilikuwa pale Jumatatu. Ningenyanyua mkono tu, ningeliona.

Nikaliandika upya, nikazima, nikawasha. Onyo jekundu likarudi vilevile. Kifaa hakionekani. Lakini safari hii, kwa woga, nilisoma mstari mpaka mwisho, jambo ambalo Jumatatu sikulifanya, kwa sababu nilipoona maneno mawili ya kwanza nilidhani nimeyaelewa yote. Mstari ulimalizikia hivi: kwenye tundu la tatu. Nikashika kichwa. Mfumo mpya ulikuwa umehesabu matundu ya waya upya, kwa mpangilio wake, na lile la zamani la tatu sasa ulikuwa ukiliita la tano. Kifaa hakikuwa kimepotea. Mashine ilikuwa ikigonga mlango wa zamani wakati mwenyewe amekaa chumba cha pili.

Nikabadilisha tatu kuwa tano. Nikawasha.

Kompyuta ikapiga yowe. Mama Spesiyoza akaruka, akafanya ishara ya msalaba. Sijawahi kufurahia kelele kama siku ile. Tarakimu zikaanza kushuka kwenye skrini siku kwa siku, saa kwa saa, mimi nikisoma kwa sauti. Jumatatu, friji nzima. Jumanne, nzima, mchana na jioni. Jumatano alfajiri ikaanza kuteremka, na kabla jua halijatoka ilikuwa chini ya sifuri, na haikupanda tena.

"Gaspari yuko salama," Mama akasema. "Ni mtoto. Nenda."

"Mimi?"

"Unataka niende mimi na magoti haya? Chukua chupa. Usimdunge weye, unasikia? Wapeleke kituo cha afya."

Rebero nilikuwa nimezoea kuiona dirishani kwetu, na niliridhika nayo hivyo. Nilipata moto, hizi pikipiki za abiria, pale barabarani, dereva akanivisha helmeti iliyonibana masikio, akaniuliza kwa nini sina viatu. Nikamwambia akimbie. Kila kona nilikuwa nasali, nusu kwa ajili ya mtoto na nusu kwa ajili yangu, kwa maana sikuwa nimepanda moto tangu Noeli. Chupa nilikuwa nimeishika kifuani kama kifaranga.

Nyumba nilielekezwa na fundi viatu, ambaye naye alinitazama miguu kwa huruma. Bibi wa yule mtoto, Keza, akafungua mlango nusu. Nyuma yake nilimwona mtoto amelala kwenye mkeka, kando yake ndoo ya maji na kikombe, midomo imekauka.

"Wewe nani?"

"Natoka kwa Mama Spesiyoza. Dawa mliyopewa jana imeharibika."

"Huna viatu," akasema bibi, "halafu unaniletea dawa?"

Sikumlaumu. Hata mimi nisingejifungulia. Nikampigia Mama Spesiyoza nikampa bibi simu. Akasikiliza, akiitika yego, yego, yaani ndiyo, ndiyo, na kila yego ilikuwa ndogo kuliko ile iliyotangulia. Kisha akaniambia bila kunitazama: asubuhi ile baba yake alimdunga mtoto kutoka kwenye chupa mpya, akaenda kazini. Tangu wakati huo mtoto anakunywa maji na kutapika, wakadhani amekula kitu kibaya.

Tulikwenda kwa moto mbili mpaka kituo cha afya, bibi na mjukuu mbele, mimi na chupa nyuma. Muuguzi akampima sukari, akaangalia kile kipimo mara mbili, akamwita mwenzake, wakafunga mlango. Mimi nikabaki kwenye benchi la nje. Mwanangu, nimekaa sana maishani, ni kipaji changu, lakini kukaa kule sikukuweza. Nilisimama, nikaketi, nikahesabu vigae. Nilijiambia kwamba friji iliharibika yenyewe, si mimi niliyeiharibu. Maneno hayo yalikuwa ya kweli na hayakunisaidia kitu. Friji ilikuwa na mlinzi wa kupiga kelele, na mimi ndiye niliyemfukuza kwa sababu kelele zake zilinichosha siku moja.

Saa kumi hivi mlango ukafunguliwa. Muuguzi akasema sukari inateremka, mtoto anaongea, ameuliza kama kuna chakula. Bibi akakaa chini palepale sakafuni akalia kimya kimya.

Papa Keza alifika dakika chache baadaye, mwashi mzima, saruji hadi kwenye kope. Alikuwa ameipata habari kwa jirani. Aliingia ndani, akamwona mtoto, akatoka. Hapo ningeweza kunyamaza. Yeye alidhani mimi ni mtu mwema aliyeleta dawa. Nikamweleza yote, orodha, mistari mitatu, lile jina, hata kile kicheko changu. Alinisikiliza akitazama ukuta. Nilisubiri kofi, na kusema kweli ningelipokea vizuri.

"Angekufa," akasema.

"Ndiyo."

Halafu akaninyooshea mkono, na kwa kuwa viganja vyake vilikuwa na saruji mbichi, akanipa kifundo cha mkono, kama tufanyavyo. Nikakishika. Hakusema amenisamehe, na sikumuuliza. Aliniachia akarudi kwa mwanawe.

Mama Spesiyoza alingoja mpaka Jumapili, baada ya misa, ndipo akanikemea. Hakupaza sauti. "Mimi ni kiongozi wa jumuiya yetu ya Kikristo," akaniambia. "Kila wiki nasoma majina. Wako waliohama, wako waliofariki, na wako walio wagonjwa kitandani peke yao. Wote hawaitiki, na ukiwa hapa na daftari wote wanafanana. Ndiyo maana kwetu jina halifutwi mpaka watu wawili wamekwenda nyumbani kwake kubisha hodi. Weye ulifuta ukiwa umekaa. Sikio la kufa halisikii dawa, mwanangu, na lako nimelilisha ndizi."

Nikainamisha kichwa. Toka hapo, kila mashine ninayoibadilishia mfumo, kabla sijagusa kitu naandika kwenye karatasi kila kilichochomekwa, jina lake na tundu lake. Onyo likitokea, nalisoma mpaka nukta ya mwisho, kisha nainuka, narudia, nainuka, nakwenda kukishika kile kifaa kwa mkono. Kisichokuwepo nakifuta. Kilichopo nakitafutia mahali pake. Nisichokijua nauliza. Mke wangu husema huo ndio usafiri wangu wote wa mwaka.

Basi hii ndiyo nasaha yangu, wewe uliye na vidole vyepesi kuliko vyangu. Kunyamazisha onyo si kutengeneza. Mficha maradhi, kifo humfichua, na mashine ni hivyohivyo, na nyumba, na ndoa, na mwili wako mwenyewe. Kengele tisa zikikudanganya, ya kumi iendee vilevile. Ukikosea, sema mapema, kwa mdomo wako, mbele ya yule uliyemkosea, hata kama hakuna anayekushuku. Na usiseme "nimeelewa" kabla mstari haujaisha.

Nenda basi, mwanangu. Mungu akupe sikio pana na uvivu mdogo kuliko wangu. Siku utakapoitwa, uwepo kuitika. Na siku utakaposhindwa kuitika, asikose mtu wa kuinuka kwenye kiti chake na kuja kubisha hodi mlangoni kwako.