Ugali Mweusi wa Jikoni kwa Mama Desi

Daktari alinitazama juu ya miwani yake akasema nikiendelea kula hivi atalazimika kunipasua. Hiyo ndiyo sababu ya safari hii, ndugu zangu wa Voi, msije mkadhani nilikwenda kutalii. Tangu nivuke mpaka wa Tanzania nije Sumbawanga kufundisha ushonaji, nimekuwa nikikaa chumba kimoja mtaa wa Kizwite na kula mgahawani: maandazi asubuhi, wali mchana, ugali wa sembe jioni. Tumbo likafunga. Kwenda chooni kukawa jambo la kuogopwa, na siku niliyoona damu ndipo nikaenda kupimwa. "Tafuta chakula chenye nyuzinyuzi," daktari aliniambia. "Ulezi, dona, maharage, mboga. Likizo ikiisha uje nikuone." Kupasuliwa ugenini, bila mama wala dada pembeni, kulinitia hofu ambayo sikumwambia mtu.

Mwenye nyumba wangu, Mama Filo, nilimwambia nusu tu ya habari, kwamba natamani ulezi. Alicheka sana. "Ulezi tu, mwalimu? Nenda kwa dada yangu Mama Desi kule kijijini. Wale hawali kingine."

Asubuhi ya safari ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani. Gari letu dogo aina ya Noah lilitoka mjini taa zikiwaka, na abiria tulikaa tumejikunyata kwenye makoti. Nje kulikuwa na nyasi, kisha nyasi tena, halafu mti mmoja ukitokea peke yake na kupotea. Nilisinzia, nikaamka, nikaona nyasi zilezile, nikashindwa kujua kama tumesogea. Sijui kwa nini nilijisikia vizuri namna ile, mimi mgonjwa.

Kwenye njia panda nilishuka nikachukua bodaboda. "Funga koti, dada," dereva alisema. "Baridi ya huku haina adabu." Tulipofika ukingoni, mahali uwanda unapokatika ghafla, alizima pikipiki ili nitazame. Mawingu yalikuwa chini yetu. Yalipoachana kidogo niliona bonde lote la Rukwa, na mbali kabisa maji yakimetameta. "Kijiji cha Kaoze kiko hukohuko chini, kwenye joto," alisema. "Wenzetu saa hizi wamevua mashati." Tulisimama pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika, wala hakunihimiza.

Mchana nilifika kwa Mama Desi. Ni mama mnene, mwepesi wa kutembea, mwenye rozari shingoni. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu. Karibu, mwalimu, karibu sana!" Aliniketisha sebuleni kwenye kiti chenye kitambaa cha kufuma, chini ya picha ya Bikira Maria, kisha akaniletea chakula kwa mikono miwili: wali mweupe na kuku. Nikala nikashukuru.

Jioni ukaja ugali wa sembe, mweupe pe. Asubuhi, maandazi na chai. Mchana uliofuata, wali tena. Baadaye nilijua kwamba sembe na mchele vilikuwa vinafuatwa dukani kwa ajili yangu. Na kila nilipokula, kutoka jiko la uani ilinijia harufu ya ulezi, tamu na nzito kidogo. Kupitia mlangoni niliwaona watu wa nyumba ile wamezunguka ugali mweusi na bakuli la maharage, wanamega, wanacheka.

Nilijaribu. "Mama, naomba nionje ule wa kwenu."

"Aa, mwalimu! Ule ni wetu sisi. Nikupe ugali mweusi, nikuweke jikoni kwenye moshi, Mama Filo atanielewaje?"

Ningemwambia nini? Kwamba chakula chake cha heshima kinanifunga tumbo? Mambo ya chooni hayasemwi mbele ya sahani ya mtu. Nikala wali, na maumivu yakarudi makali kuliko ya mjini. Nilijilaza nikitazama mvua nyepesi dirishani, nikiona likizo inayeyuka na kisu cha daktari kinasogea.

Siku mvua ilipokatika, Mama Desi na jirani zake walikwenda shambani, nami nikashika jembe nikawafuata. Mama Desi alinikataza, nikajifanya sisikii. Kazi ilikuwa ya kukata nyasi, kuzikusanya na kuzifukia kwa udongo hadi ziwe vilima vya mviringo. "Hizi ndizo ntumba zetu," jirani mmoja, Mama Oresta, alinieleza. "Nyasi zioze humu, mwakani tutawanye, tupande ulezi." Ukungu ulipita katikati yetu, wanawake wakawa wanatoweka na kuonekana tena, zikabaki sauti tu na mlio wa majembe. Mikono ilinitoka malengelenge.

Chakula kilipofunguliwa, ulitokea ugali mweusi mkubwa, na kando yake kijibakuli cha wali kilichofungwa kitambaa. Mama Desi alinisogezea kile cha wali.

Mama Oresta alikitazama, kisha akatazama mikono yangu iliyojaa tope. "Mama Desi, mtu kalima na sisi tangu asubuhi, halafu ale peke yake? Kakukosea nini?"

Hapo machozi yalinitoka, nikasema yote: damu, daktari, kisu. Mama Desi alishika kichwa. "Yesu wangu! Kumbe nilikuwa nakuumiza na vyeupe vyangu?" Akacheka huku naye akilia, akanimegea tonge akaniwekea kiganjani. Ulikuwa wa moto bado, wenye chengachenga na utamu wa mbali. Tukala hadi sinia likabaki wazi.

Siku zilizobaki nilikula jikoni, kwenye moshi, na asubuhi moja nilitoka chooni nikiimba. Mama Desi alisikia, akapiga kigelegele bila aibu yoyote.

Niliporudi mjini daktari alinipima, akasema hakuna haja ya kunipasua. Safari ilinifunza kwamba heshima inaweza kumtenga mtu na chakula anachokihitaji, na wanaomtenga wakawa wanampenda kweli. Juzi nilikwenda tena kule bila taarifa. Hakuna aliyeniwekea kiti. Mama Desi alikuwa anapepeta maharage, akainua uso kidogo tu, akasema, "Umechelewa. Maji yameshachemka, songa ugali."